Pikipiki nyembamba vile, mbona spidi ikipanda gari inaikamata?

#1 Moto_wa_Pembeni
Wakuu salama. Kuna ubishi nimeshindwa kuumaliza na jamaa yangu nauleta kwenu. Pikipiki ni nyepesi, ni nyembamba, kwa mbele haina eneo kabisa. Gari ni pana, ni zito, lina vioo, lina kila kitu. Kwa akili ya kawaida pikipiki ndo ilitakiwa kupasua hewa kirahisi. Sasa mimi nina pikipiki ya cc 400, taa ikiruhusu namuacha mtu wa sedan ya kawaida ya cc 2000 mpaka simuoni kwenye saiti mira, lakini barabara ikinyooka na spidi ikipanda ananikuta, ananipita, na mimi hapo nimelala juu ya tangi eksileta nimepinda mpaka mwisho. Ni hewa, ni injini au ni gia? Wajuzi karibuni.

#2 Kaa_Kimya
Naweka kambi hapa.

#3 Mzee_Gia
Hewa unaisingizia bure. Cc 400 ina HP (nguvu za farasi) 45 hivi, hiyo sedan ina 150. Umeishiwa nguvu, hamna muujiza. Kwenye kuondoka kinachopigana ni nguvu gawanya kwa uzito, wewe na pikipiki yako mna kilo 250 hivi, yaani kila HP inabeba kilo 5 na nusu. Mwenzio ana kilo 1,450 na dereva, kila HP inabeba karibu kilo 10. Ndo maana unamuacha. Spidi ikishakuwa kubwa uzito haukusaidii tena, inabaki nani ana injini. Uzi ufungwe.

#4 Tairi_Kipara
Usifungwe bado. Mzee #3 nusu ya jibu umetoa, nusu umeificha. Hiyo injini inapigana na nini kama sio hewa?

Iko hivi. Ukinzani wa hewa una vitu viwili unavyovizidisha, eneo la mbele na ubaya wa umbo, huo ubaya wanauita Cd. Gari la kawaida siku hizi Cd ni 0.25 mpaka 0.35, Prius ya 2016 ni 0.24, Mercedes EQS imeshuka mpaka 0.20. Pikipiki? 0.5, 0.6, ukikaa wima bila kioo inazidi hapo. Yaani kwa umbo tu pikipiki ni mbaya mara mbili ya gari. Kinachoiokoa ni huo wembamba wake, eneo la mbele ni kama theluthi ya gari au pungufu. Ukizidisha vyote viwili pikipiki yenye mtu juu inakuja 0.4 hivi, sedan 0.65 hivi. Kwahiyo ni kweli hewa inaisumbua gari zaidi, ila ni mara 1.6 tu, wakati nguvu yeye anakuzidi mara 3 na zaidi.

#5 Moto_wa_Pembeni
#4 hapo kwenye Cd umenivuruga mkuu. Pikipiki yenye maplastiki yamechongoka vile iwe na umbo baya kuliko gari la familia?

#6 Lulu_Kona
Naomba nijibu hili kwa sababu mgongo wangu unalijua.

Hewa haijali sana ulivyochongoka mbele, inajali inavyoachana na wewe nyuma. Gari ni refu, hewa inapanda boneti, inafuata kioo, inafuata paa, inateremka kwenye buti taratibu na kuungana tena bila fujo kubwa. Pikipiki ni fupi. Hewa ikishapita kioo inakutana na helmeti, mabega, viwiko vimetoka nje, magoti, halafu nyuma ya mgongo hamna kitu, ni shimo. Hapo inajikunja na kuzunguka na huo mzunguko ndo unakuvuta nyuma. Bado tairi ziko wazi zinazunguka, radieta iko wazi, shokapu za mbele ziko wazi. Kwenye gari vyote hivyo vimefunikwa na bodi.

Ukitaka kuthibitisha, nenda spidi ya 120 umekaa wima halafu teremsha kidevu mpaka kiguse tangi, viwiko vibane ndani ya magoti. Utasikia kelele ya helmeti inabadilika kutoka mngurumo inakuwa mluzi, jaketi linaacha kupiga piga mgongoni, na mshale unapanda wenyewe wakati mkono haujagusa kitu. Injini ni ile ile.

#7 Kaa_Kimya
Dada Lulu huyu ni mwalimu au nani? Naendelea kukaa.

#8 Busa_Mtupu
Nyie mnaongelea cc 400, hiyo ni baiskeli yenye kelele. Njooni kwenye Hayabusa, ile pikipiki kubwa ya Suzuki, ikitoka kiwandani tu inakwenda 350, gari gani la kawaida litaikamata?

#9 Tairi_Kipara
#8 punguza chumvi. Hayabusa ya kwanza ya 1999, cc 1299, HP 175 hivi, ilipopimwa ilikuja 312 au karibu na hapo. Na ilikuwa balaa kwa wakati ule kiasi kwamba muda si mrefu watengenezaji walikubaliana kimya kimya wazifunge kwenye 299. Tangu hapo mashine nyingi kubwa zinaishia 299 kwa sababu kompyuta imeamua hivyo, hewa haihusiki. 350 ni ya zile zilizofungwa tabo (ya kushindilia hewa kwenye injini) na watu wenye hela na muda.

Halafu angalia lile umbo lake, watu waliliita baya, limevimba kama limemeza kitu. Lile limechongwa kwenye handaki la upepo, kila uvimbe una kazi. Nundu nyuma ya siti ipo kuziba lile shimo alilosema dada #6.

#10 Busa_Mtupu
Kwahiyo nimesema ukweli kwamba inapita magari, 312 bado ni 312. Chumvi kidogo ni ladha.

#11 Hesabu_Tamu
Wacha niweke namba, maana ubishi bila namba hauna mwisho (na wenye namba nao hauna).

Nguvu ya kupambana na hewa inapanda kwa kipeo cha tatu cha spidi, yaani spidi ikiwa mara 2, nguvu inayotakiwa ni mara 8. Chukua zile 0.4 na 0.65 za #4. Kwa 100 km/h pikipiki inahitaji HP 7 hivi kwa ajili ya hewa peke yake, gari 11. Nenda 200 km/h: pikipiki HP 55, gari 90. Sasa mwenye uzi ana 45. Hata umlaze kwenye tangi mpaka alie, 200 hafiki. Jamaa wa sedan ana 150, akitoa msuguano wa tairi na gia bado anapita 200 akiwa na akiba.

Ongeza mpaka 300 km/h. Pikipiki kubwa yenye dereva aliyejikunja vizuri, tuseme 0.32, inahitaji HP 150 hivi. Gari lile lile la 0.65 linahitaji 300 na zaidi. Sasa mnaona kwanini Hayabusa na HP 175 ilifika 312? Namba zinakutana zenyewe.

Kwahiyo kwa nguvu sawa pikipiki inashinda hewa. Mwenye uzi ana pikipiki ndogo, basi.

#12 Mzee_Gia
Yaani umeandika gazeti zima kuja kusema nilichosema #3, ameishiwa injini.

#13 Fundi_Spana
Wakuu mimi nipo tofauti na wote. Nafunga cheni na sproketi kila siku na nawaambia nusu ya hawa wanaolia spidi ya mwisho tatizo lao ni gia. Mtu kanunua pikipiki mkononi, aliyemtangulia alibadilisha sproketi ya nyuma akaweka yenye meno mengi ili iruke vizuri, huyu hajui. Anaondoka kama mshale, mbele huko injini inagonga rediline wakati gia zimeisha. Hewa hata haijaanza kumsumbua.

Moto_wa_Pembeni hebu sema ukweli, ukiwa gia ya mwisho eksileta mwisho, mshale wa RPM unagota kwenye nyekundu au unasimama kabla? Ukigota, gia ni fupi. Ukisimama kabla, hewa imekushinda. Na hesabu meno ya sproketi ya nyuma ulinganishe na kitabu chake.

#14 Moto_wa_Pembeni
Unasimama kabla. Ila nikirudi gia moja chini unapanda mpaka nyekundu na spidi inakuwa karibu ile ile, sijui hiyo maana yake nini. Sproketi sijahesabu, kitabu hakipo.

#15 Fundi_Spana
Hapo gia ya mwisho ni ndefu kwa nguvu uliyonayo. Wengine wanaiweka makusudi kwa ajili ya mafuta na utulivu wa injini. Kahesabu meno kwanza ndo tuongee.

#16 Tairi_Kipara
Kwahiyo ni hewa. Mshale unasimama kabla, hewa imemshinda, wewe mwenyewe umesema.

#17 Fundi_Spana
Nimesema ahesabu meno.

#18 Bugatti_ya_Ndoto
Tuhamie kwenye ligi kubwa kidogo. Gari la Bugatti Veyron ya 2005 ilihitaji HP 1001 kupita 400 km/h, na uzito wake ni kilo 1,888. Mwaka 2016 Kenan Sofuoglu alipanda Kawasaki H2R, cc 998 yenye supachaja, HP 310, akafika 400 kwenye daraja la Osman Gazi kule Uturuki ndani ya sekunde 26. HP 310 dhidi ya 1001, spidi ile ile! Kama hii sio ushahidi kwamba pikipiki inapasua hewa vizuri basi sijui ushahidi ni nini.

#19 Hesabu_Tamu
Ushahidi mzuri, ila weka na pembeni yake: hiyo 400 ni ya kwenye dashibodi, H2R hairuhusiwi barabarani, daraja lilikuwa bado halijafunguliwa. Veyron unatoka nayo showroom na radio inapiga. Na gari halikuishia hapo, 2019 Andy Wallace alipeleka Bugatti Chiron mpaka 490.48 km/h kwenye uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien. Chiron ile ina HP karibu 1,600.

Pikipiki inaishia wapi? Kwenye HP 300 hivi tairi moja la nyuma lenye upana wa kiganja linashindwa kuzipeleka chini. Gari lina manne ya kugawana. Kwahiyo hewa inaipendelea pikipiki, ardhi inalipendelea gari.

#20 Lulu_Kona
Hilo la ardhi ndo penyewe, watu wanalisahau. Hata kuondoka, litabaiki (pikipiki ya cc 1000) yenye HP 200 haiwezi kuzitumia zote gia ya kwanza, tairi la mbele linanyanyuka. Kompyuta inakata nguvu ili usilale chali. Ndo maana gari la umeme la Tesla Plaid linafika 100 kwa sekunde 2 na kidogo wakati pikipiki kubwa zinacheza kwenye 3. Zikishapita 100 pikipiki inaamka, hapo hainyanyuki tena na nguvu kwa kilo bado ipo.

#21 Kisigino
Mimi sina pikipiki wala gari la mbio ila naangalia mashindano. Uwanja wa Austin, Marekani, wanakimbia F1 ya magari na MotoGP ya pikipiki wote. F1 rekodi ya mbio ni 1:36 ya Leclerc 2019. MotoGP wanapiga dakika 2 na kidogo hata wakitafuta nafasi ya kwanza. Sekunde 25 kwenye mzunguko mmoja! Na spidi ya mwisho hawapishani sana, Brad Binder alipiga 366 Mugello 2023, Bottas alipiga 372 Mexico 2016. Sasa hizo sekunde zinaliwa wapi?

#22 Tairi_Kipara
Kona na breki. Gari la F1 linakandamizwa chini na hewa. Hapo hewa adui inageuka rafiki, wanaipoteza kidogo kwenye spidi ya mwisho wanaichukua mara kumi kwenye kona. Breki wanapata g 5 (g 1 ni nguvu sawa na uzito wako mwenyewe), MotoGP g 1 na nusu hivi.

Na hiyo 372 ya Mexico ina siri, ule mji uko zaidi ya mita 2,200 juu, hewa nyepesi, ukinzani umepungua.

#23 Mzee_Gia
#22 hewa nyepesi inapunguza na nguvu ya injini pia, usiwaambie watu nusu nusu.

#24 Tairi_Kipara
Injini za F1 zina tabo mzee. Zinajaziwa hewa. Ya kwako ya mwaka arobaini na saba ndo inapungua.

#25 Mzee_Gia
Ya kwangu inawaka kila asubuhi, ya kwako iko kwa fundi.

#26 Lulu_Kona
Hahaha tulieni wazee. Kisigino, kwenye kona kuna jambo lingine. Pikipiki ikilala digrii 45 maana yake ni g 1, hakuna ujanja, ni jometri. MotoGP wanapita 60, kiwiko kinagusa lami, na hapo tairi linagusa chini kwa eneo dogo mno. Gari linabaki wima na mpira wote uko chini. Vibawa navyo, Ducati walianza kuvileta kwa nguvu 2015, vikapigwa marufuku kwa 2017, wakavirudisha kwa kuvificha ndani ya bodi. Lakini pikipiki ikiwa imelala kibawa hakisukumi tena wima kwenda chini, kinasukuma kwa mshazari, kwahiyo faida kubwa unaipata kwenye kutoka kona na kwenye breki, kuzuia tairi la mbele lisiruke.

#27 Kisiwa_cha_Mbio
Samahani mnasahau sehemu moja ambayo pikipiki inalipiga gari kwa saa. Mbio za kisiwa cha Isle of Man. Mzunguko wa kilomita 60.7 kwenye barabara za kawaida za vijiji, kuta za mawe pembeni. Peter Hickman 2023 alizunguka kwa dakika 16 na sekunde 36, wastani wa 219 km/h. Mark Higgins na Subaru iliyoandaliwa maalum 2016, dakika 17 na sekunde 35. Karibu dakika nzima. Aje mtu wa F1 hapo.

#28 Kisigino
Daah hii sikuijua. Kwanini sasa?

#29 Kisiwa_cha_Mbio
Barabara nyembamba, pikipiki inaikata kona kwa mstari ulionyooka zaidi, yaani barabara ile ile kwake ni pana. Na sehemu nyingi ni eksileta wazi.

#30 Hesabu_Tamu
Mimi nasema ni kwa sababu pikipiki wanarudi kila mwaka kwa mamia wanafukuzana, miaka zaidi ya 100. Gari lilikwenda mara chache tu kujaribu rekodi, na ilikuwa sedan iliyoongezwa nguvu. Peleka gari lililotengenezwa kwa kazi hiyo uone. Pikes Peak mfano, kilomita 20 za kupanda mlima kona 156, gari la umeme la VW na Romain Dumas 2018 lilipanda kwa 7:57, pikipiki bora 2019 ni 9:44. Hapo barabara nayo ni nyembamba.

#31 Kisiwa_cha_Mbio
Pikes Peak ni kona za kupinda kisigino, Isle of Man ni ndefu za spidi. Unalinganisha vitu viwili.

#32 Hesabu_Tamu
Na wewe unalinganisha Subaru ya milango minne na mashine ya Hickman.

#33 Abiria_Mwoga
Samahanini nitoke nje kidogo. Mnaongea spidi tu, breki je? Mimi nimewahi kukaa nyuma ya pikipiki gari la mbele likashika breki ghafla, tulisimama lakini tuliisha mita zote zilizokuwepo. Nani anasimama mapema?

#34 Fundi_Spana
Gari, kwa dereva wa kawaida. Kwa karatasi wanakaribiana, lami kavu g 1 kutoka 100 ni mita 39 hivi kabla hujahesabu muda wa kushtuka. Gari zuri linapita g 1 kidogo. Pikipiki kikwazo ni kwamba uzito uko juu na mashine ni fupi, ukikaza sana tairi la nyuma linaondoka chini. Tena abiria naye anapandisha uzito na kuusogeza nyuma. Lakini shida kubwa ni mkono, gari unakanyaga kwa mguu wote na ABS inafanya kazi yake ya kuzuia tairi lisijifunge, pikipiki mtu anaogopa breki ya mbele anakanyaga ya nyuma peke yake ambayo haina kazi hapo.

#35 Abiria_Mwoga
Jamaa alikanyaga ya nyuma, nililisikia tairi likilia.

#36 Moto_wa_Pembeni
Wakuu nashukuru, najifunza. Swali la nyongeza, kama shida ni mgongo na viwiko, kwanini wasiifunike pikipiki yote iwe kama yai?

#37 Tairi_Kipara
Walifanya. Miaka ya 1950 pikipiki za mashindano zilivaa bodi iliyofunika mpaka tairi la mbele. Moto Guzzi walijenga handaki lao la upepo pale Mandello del Lario 1950, na ile V8 yao ya cc 500 ilikuwa inagusa 275 km/h hivi, kwa tairi na breki za kipindi kile! Kuanzia msimu wa 1958 FIM, shirikisho la mbio za pikipiki duniani, wakapiga marufuku tairi la mbele kufunikwa, na kanuni hiyo ndo imetuachia maumbo tunayoyaona leo. Sababu kubwa ilikuwa upepo wa pembeni, unalipiga lile bodi linageuza usukani wenyewe.

#38 Lulu_Kona
Wengine wanasema marufuku ile iliua maendeleo ya umbo la pikipiki. Zile za kuvunja rekodi kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Marekani bado zinafunikwa zote na dereva analala ndani, Ack Attack 2010 ilipita 605 km/h kwa injini mbili za Hayabusa.

#39 Busa_Mtupu
MBILI ZA HAYABUSA. Nilisema mimi.

#40 Fundi_Spana
Ulisema 350.

#41 Njia_Ndefu
Nimesoma wote, hamjagusa kinachotukuta sisi wa safari. Upepo wa pembeni. Unapishana na lori, kwanza linakusukuma nje, ukifika usawa wa katikati linakuvuta ndani, ukimaliza linakupiga kofi. Gari unalisikia kidogo kwenye usukani, pikipiki unahama nusu ya njia. Sasa mimi nimefunga boksi kubwa nyuma, juu ya siti, na kuanzia 120 usukani unaanza kutikisika kidogo kidogo. Aliyenifungia anasema ni tairi. Tairi nimebadilisha, bado.

#42 Lulu_Kona
Boksi liko nyuma ya ekseli?

#43 Njia_Ndefu
Nyuma kabisa, limening'inia.

#44 Lulu_Kona
Basi linafanya mambo mawili, linanyanyua uzito kutoka tairi la mbele na linasimama kwenye ile hewa iliyovurugika nyuma ya mgongo wako. Litoe uende spidi ile ile uone.

#45 Fundi_Spana
Kabla hujalitoa kagua bearing za shingo. Nyanyua tairi la mbele, geuza usukani taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ukisikia unashika katikati kama kuna kidonda, ni hizo.

#46 Hesabu_Tamu
Au ni presha ya tairi umeweka ya bila mzigo.

#47 Njia_Ndefu
Sasa nianze na lipi?